Agusaye Mchanga Apime Maji

Mhadhara kwa walimu wa sayansi, kamati za maji, wafugaji wa samaki na wananchi wa Bariadi, Mkoa wa Simiyu



Najua baadhi yenu mlicheka mliposoma tangazo: kutia mchanga wa asili katika tangi la samaki wa maji ya chumvi, na kufuatilia ubora wa maji yake. Mzee mmoja ameniuliza hapo mlangoni kama bahari imehamia Bariadi. Haijahamia, mzee wangu. Iko palepale, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Lakini maji ya chumvi si mageni kwetu. Mababu walifunga safari kwenda Ziwa Eyasi kuchukua chumvi, na hadi leo Mto Sibiti, unaopita mpakani mwa Meatu na Singida, humwaga maji yake katika ziwa hilo. Wamo humo samaki wa jamii ya perege, ambao jina lao la kisayansi ni Oreochromis amphimelas, waliozoea chumvi na magadi ambayo samaki wengi wa Ziwa Victoria wasingeyamudu.

Nimekuja na dai moja tu. Mchanga na maji hufanya kazi kwa pamoja, na anayegusa kimoja amekwisha kukigusa cha pili. Kwa hiyo kila anayetia mchanga majini, au anayeutoa, anawajibika kupima maji, kabla na baada. Nitaanza na tangi kwa sababu ni dogo, kuta zake ni za kioo, na kosa lililofanyika Jumatatu huonekana kabla ya Ijumaa. Mto unaweza kuficha kosa kwa miaka. Tukishaelewana kuhusu tangi, tutashuka mtoni. Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: Mchanga ni makazi

Watu wengi hutia mchanga tangini ili lipendeze. Sina ugomvi na uzuri, ila kazi kubwa ya mchanga haionekani kwa macho.

Samaki akila, taka inayomtoka kwa wingi ni amonia, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua. Baharini amonia hiyo humezwa na wingi wa maji. Katika tangi la lita 200 haina pa kwenda. Tangi jipya lenye maji maangavu na kioo kinachong'aa ni kama nyumba iliyohamiwa kabla ya kuchimbwa choo: siku ya kwanza wageni watasifu, siku ya tano wenyewe mtahama. (Kicheko.)

Kazi ya kuondoa uchafu huo hufanywa na bakteria. Kundi la kwanza, wakiwamo wale waitwao Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili, wakiwamo Nitrospira, hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia isipozidi. Kazi hii ya bakteria ilielezwa na mwanasayansi Sergei Winogradsky mwishoni mwa karne ya 19. Wengi wao hujishikiza juu ya kitu kigumu, na hapo ndipo mchanga unapoingia. Chukueni kilo moja ya mchanga wenye chembe za milimita 1. Jumla ya nyuso za chembe hizo ni takriban mita 2 za mraba. Kilo 22, kiasi cha kawaida kwa tangi nililolitaja, hutoa karibu mita 50 za mraba za kuta kwa bakteria kuishi. Yote hayo yamo ndani ya sanduku la kioo linalokaa juu ya meza.

Bakteria hao huongezeka polepole. Kwa kawaida tangi jipya la maji ya chumvi huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwa tayari kupokea samaki. Kwanza amonia hupanda na kushuka, kisha naitraiti hupanda na kushuka, na mwishoni naitreti hubaki. Asiyesubiri hununua samaki mara mbili.

Wapo watakaosema hii ni sayansi ya watu wenye fedha na muda. Tutazame historia. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga London kichujio kikubwa cha mchanga cha kusafisha maji ya Mto Thames, maji yakipita taratibu kwenye tabaka za mchanga. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba juu ya mchanga ule hujengeka utando wa viumbe hai wanaokamata vimelea. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, nchini Ujerumani, na kuua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona ulipakana na Hamburg, tena ulichota maji ya mto uleule wa Elbe kutoka upande wa chini, baada ya taka za Hamburg kumwagwa humo. Hata hivyo Altona ulipata wagonjwa wachache sana, kwa sababu maji yake yalipitishwa mchangani na ya Hamburg hayakupitishwa. Robert Koch alilichunguza jambo hilo mwenyewe. Chembe zilezile zinazomlinda samaki tangini ndizo zilizowalinda watu wa Altona.

Hoja ya pili: Mchanga una aina, na kila aina ina tabia yake

Hapa sina la kuwafundisha wazee. Msukuma anayelima anajua kwamba udongo wa luseni wa mlimani si mbuga nyeusi ya bondeni, na kwamba pamba, mpunga na mtama kila kimoja kina udongo wake. Ujuzi huohuo unahitajika tangini.

Mchanga wa mito yetu ya Simiyu na Duma hutokana kwa sehemu kubwa na miamba ya granaiti iliyolika kwa karne nyingi. Chembe zake nyingi ni kwatzi: ngumu, haziyeyuki majini, hazibadilishi pH. Mchanga mweupe wa pwani zenye matumbawe ni jamii nyingine. Hutokana na matumbawe, makome na magamba yaliyosagika, na umejaa kalsiamu kaboneti, yaani mawe ya chokaa.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi, na mwalimu anaweza kuifanya darasani kesho asubuhi. Weka kijiko kimoja cha mchanga mkavu katika kikombe cha kioo, dondoshea siki au maji ya ndimu. Ukitoa mapovu, una chokaa. Usipotoa, una kwatzi kwa wingi. Msishangae mchanga wa mto wetu ukitoa mapovu machache, kwa maana udongo wa mbuga hubeba vijiwe vya chokaa ambavyo mvua huvisomba hadi mtoni. Pitisheni na sumaku pia. Chembe nyeusi zitakazonasa zina chuma, na hizo hazifai kukaa kwenye maji ya chumvi.

Je, mchanga wa Simiyu unafaa kwa tangi la samaki wa baharini? Unaweza kufaa ukioshwa vizuri, lakini hautayapa maji msaada wa chokaa. Zaidi ya hapo, lazima ujue ulikotoka. Mkoa wetu ni wa pamba, na dawa za wadudu zinazopuliziwa shambani huteremka na maji ya mvua. Mchanga uliochotwa chini ya mahali panapochenjuliwa dhahabu unaweza kubeba zebaki. Kuosha kwa maji matupu hakuondoi vitu hivyo. Chota juu ya mto, mbali na mashamba, mbali na majosho ya kuogeshea mifugo. Ukiwa na shaka, uache.

Kuna imani iliyoenea kwamba mchanga wa matumbawe ukishakuwa tangini hushikilia pH ya bahari wenyewe, na mwenye tangi alale usingizi. Imani hiyo ina ukweli nusu. Chokaa ya mchanga huyeyuka pale tu maji yanayoizunguka yanapokuwa na uchachu zaidi kuliko maji ya bahari, kwa mfano katika nafasi za ndani ya mchanga ambamo bakteria hutoa hewa ya ukaa. Msaada huo ni wa taratibu na una mipaka. Kipimo cha alkalini, yaani uwezo wa maji kuupinga uchachu, ndicho kitakachokwambia kama mchanga unatosha.

Na kwa wale wenye ndugu Dar es Salaam, Tanga au Mtwara wanaofikiri kuwapigia simu walete gunia la mchanga wa ufukweni: tuheshimu sheria. Maeneo ya bahari yaliyohifadhiwa yanalindwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na kuvunja matumbawe kwa ajili ya pambo la sebuleni ni hasara isiyofutika upesi. Ulizeni kibali kwanza.

Hoja ya tatu: Namna ya kuutia ni nusu ya kazi

Tuchukue tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 50 na kimo cha maji cha 40. Hizo ndizo lita 200 tulizozitaja. Tukitaka mchanga wa kina cha sentimita 3, tunahitaji lita 15 za mchanga, yaani takriban kilo 22 hadi 24 ukiwa mkavu. Chembe zenyewe, ukiondoa nafasi zilizo kati yake, zitachukua karibu lita 9, na maji ya kiasi hicho yatapanda juu. Wanafunzi, hiyo ni hesabu ya darasa la sita, lakini asiyeifanya atafurika sakafu.

Kwanza, osheni mchanga katika ndoo, kidogokidogo, mkimwaga maji machafu hadi yatoke maangavu. Vumbi laini likiingia tangini hufunika matamvua ya samaki na kuziba pampu. Mchanga uliotoka baharini ukiwa mbichi una wadudu na minyoo wengi. Wakifia njiani huoza na kuwa amonia. Ukiusafirisha siku nyingi bila hewa, utie kwanza katika ndoo yenye maji ya chumvi na pampu ya hewa, upime amonia mpaka itulie, ndipo uuhamishie tangini. Ukiukausha juani, bakteria wake wengi watakuwa wamekufa, na tangi litaanza safari ya wiki nilizozitaja kutoka mwanzo.

Pili, kama tangi lina samaki tayari, zimeni pampu ya mzunguko, chukueni bomba pana la plastiki lifike karibu na sakafu, mkamimine mchanga ndani yake taratibu, sehemu baada ya sehemu. Msijaze sakafu yote siku moja. Sehemu moja kila baada ya siku kadhaa inatosha, na katikati ya sehemu na sehemu mnapima. Pampu isizimwe kwa muda mrefu: maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na maji ya chumvi hubeba kidogo zaidi.

Tatu, msichezee mchanga wa zamani. Na hapa ndipo maji ya bahari yanapotofautiana sana na ya mto. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na kati yake karibu gramu 2.7 ni salfeti. Tabaka la juu la mchanga lina oksijeni. Chini kidogo oksijeni huisha, na hapo bakteria wengine huvunja naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayotoka majini, jambo jema. Chini zaidi, ambako hata naitreti haifiki, wapo bakteria wanaotumia salfeti, nao hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Hiyo ni sumu kali. Maji ya mto yana salfeti kidogo, ndiyo maana mfugaji wa perege huenda asikutane na harufu hiyo kwa nguvu ya namna ile. Mchanga wa sentimita 2 hadi 5 hauleti taabu hiyo kirahisi. Ukiona madoa meusi ndani ya mchanga wa kina kirefu, usiuchimbue kwa mkupuo. Ukitaka kubadilisha mchanga wote, uondoe robo kwa robo, kwa wiki kadhaa, kwa maana unachoondoa ni mchanga pamoja na wakazi wake.

Hoja ya nne: Kipimo ndicho jicho la mwenye tangi

Kule Nungwi, Unguja, kasa hufugwa katika bwawa la asili la Mnarani, lililozungukwa na miamba ya matumbawe. Bahari ikipanda maji mapya huingia, ikishuka ya zamani hutoka. Tangi la Bariadi halina bamvua wala maji mafu. Kupwa na kujaa kwake ni mikono ya mwenyewe, na mikono hiyo haiwezi kujua ifanye nini bila kipimo.

Yapo mambo saba ya kupima, nami nitayataja kwa mpangilio wa umuhimu kwa siku za kutia mchanga.

Amonia na naitraiti zinapaswa kusoma sifuri kwenye vipimo vya kawaida. Pimeni siku moja kabla ya kutia mchanga, siku inayofuata, kisha kila siku kwa wiki nzima. Amonia ina sura mbili majini, moja yenye sumu kali na nyingine yenye sumu kidogo. pH ikipanda kwa nafasi moja, ile yenye sumu kali huongezeka takriban mara kumi. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, kwa hiyo kiasi cha amonia ambacho perege wa bwawani angekivumilia kwenye pH 7 kinaweza kumuua samaki wa baharini. Mwalimu wa kemia akimaliza hili darasani, amekwisha kufundisha jambo ambalo wanafunzi hawatalisahau.

Kiwango cha chumvi hupimwa kwa refraktometa au haidromita. Hapa adui yetu ni hali ya hewa ya kiangazi. Maji huruka kuwa mvuke, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 lenye gramu 35 kwa lita lina chumvi kilo 7. Likipoteza lita 20 kwa mvuke, kilo 7 zilezile zimo ndani ya lita 180, na kipimo kimepanda hadi karibu gramu 39 kwa lita. Dawa yake ni kuongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kidogokidogo kila siku. Anayejazia kwa maji ya chumvi anazidisha tatizo analolikimbia.

pH na alkalini hupimwa kila wiki, na pH isomwe saa ileile, maana hushuka usiku na kupanda mchana. Naitreti hupimwa kila wiki pia. Ikipanda mfululizo, samaki ni wengi au chakula kimezidi. Joto hutazamwa kila siku, nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi zikiwa salama kwa samaki wengi wa matumbawe. Tangi lisiwekwe karibu na bati wala dirisha la magharibi.

Sasa, maji ya kuchanganyia chumvi tunayatoa wapi? Visima virefu vya baadhi ya maeneo ya kanda yetu vina floraidi nyingi. Madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto ni ushahidi tunaotembea nao. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, ni mwanzo mzuri zaidi. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe ndani ya pipa wazi huku pampu ya hewa ikifanya kazi, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini, maana klorini haichagui kati ya kimelea na bakteria wetu.

Na chumvi? Chumvi ya jikoni haitoshi. Sehemu kubwa yake ni kloraidi na sodiamu, wakati bahari ina pia magnesiamu, salfeti, kalsiamu na potasiamu kwa uwiano maalumu. Chumvi ya Eyasi, pamoja na heshima yake yote katika historia yetu, ina magadi. Panahitajika chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, takriban kilo tatu na nusu hadi nne kwa kila lita 100.

La mwisho katika hoja hii ni daftari. Kipimo kisichoandikwa ni uvumi. Tarehe, saa, kipimo, na kilichofanyika siku hiyo: safu nne tu. Anayesoma daftari la miezi mitatu huona mkondo ambao jicho la siku moja haliwezi kuuona. Usione vyaelea, vimeundwa.

Hoja ya tano: Tangi letu kubwa ni mto

Sasa tushuke mtoni, kama nilivyoahidi. Wakati wa kiangazi Mto Simiyu na vijito vyake huonekana vimekufa. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba havijafa. Kina mama huchimba mchanga, maji yakajitokeza, wakachota kwa kata. Mita moja ya ujazo ya mchanga iliyojaa maji hubeba lita 300 hadi 400 katika nafasi za kati ya chembe, na kama chembe ni kubwa, sehemu nzuri ya maji hayo huchoteka. Maji yakiwa kina cha sentimita 60 hadi 90 chini ya uso wa mchanga, jua haliyafikii kwa urahisi. Wenzetu wa Kitui, Makueni na Machakos nchini Kenya wamejenga kuta ndogo za zege kukatiza mito ya msimu ili mchanga ujikusanye nyuma yake na kuhifadhi maji. Wanatumia kwa makusudi kile ambacho sisi tulipewa na mto bure.

Halafu mchanga huohuo tunaupakia kwenye tipa.

Sisemi nyumba zisijengwe. Bariadi ni makao makuu ya mkoa tangu mwaka 2012, na mji unaokua unahitaji zege. Nauliza swali moja: tumepima nini kabla ya tipa kuingia mtoni, na tumepima nini baada ya kuondoka? Mwenye tangi anayeondoa mchanga wake wote kwa siku moja tunamwita mzembe. Tunapoondoa tabaka zima la mchanga wa mto, tunaondoa ghala la maji, tunaondoa kichujio, na kisima cha mchangani kilichokuwa kinatoa maji maangavu kinabaki dimbwi la tope linalogombewa na ng'ombe na watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 za hifadhi kutoka kingo za mito. Pwani ya Kunduchi, Dar es Salaam, nayo ni fundisho: uchimbaji wa mchanga katika mito inayolisha ufukwe umetajwa miongoni mwa sababu za bahari kuula ufukwe ule.

Na mto huu hauishii kwetu. Unamwaga maji yake Ziwa Victoria, katika Ghuba ya Speke, ghuba ileile inayogusa Busega. Tope na mbolea tunazoziachia huku juu huishia huko. Ziwa hilo lilikuwa na mamia ya aina za furu. Kupandikizwa kwa sangara katika miaka ya 1950 na 1960, pamoja na kuchafuka kwa maji, kuliangamiza aina nyingi. Watafiti wa Uholanzi waliokuwa Mwanza tangu mwaka 1977 waliliona likitokea. Leo baadhi ya aina za furu zimehifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, zikihudumiwa na watu wanaopima maji yao. Furu wa nyumbani kwetu wametunzwa ugenini kwa daftari na vipimo. Hilo litutie wivu wa maendeleo.

Tunakoelekea

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nifunge kwa mapendekezo matatu, yote yanawezekana kabla ya masika ijayo.

La kwanza ni kwa shule. Kila shule ya sekondari yenye mwalimu wa sayansi mwenye moyo ianze na tangi moja la maji baridi, mchanga wa mto uliooshwa, na furu au perege wachache waliopatikana kwa ridhaa ya ofisa uvuvi. Wanafunzi wapime amonia, naitraiti, naitreti na pH kwa muhula mzima. Shule itakayomaliza muhula bila kukosa siku katika daftari ndiyo ipewe nafasi ya kujaribu maji ya chumvi. Chumvi ni ghali, na nidhamu huja kwanza.

La pili ni kwa jumuiya za watumia maji. Kila kisima cha mchangani kinachotegemewa na kijiji kiwe na kijiti chenye alama za sentimita na daftari la kina cha maji, mara moja kwa wiki. Mara mbili kwa mwaka, mwanzo na mwisho wa kiangazi, sampuli ipelekwe kupimwa vimelea, naitreti na floraidi. Wanafunzi waliofuzu kwenye matangi ndio wawe wasaidizi wenu.

La tatu ni kwa halmashauri. Kibali cha kuchimba mchanga kiambatane na vipimo vya kina cha maji, juu na chini ya eneo la uchimbaji, kabla na baada. Kina kikishuka kupita kiasi kilichokubaliwa, uchimbaji usimame. Mwenye tipa atapata mchanga, na mama wa kijijini atapata maji, kwa kuwa kipimo kitakuwa mwamuzi wao wote wawili.

Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani kwetu, ulioidhinishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, ni neema, na tunausubiri kwa hamu vijijini. Lakini bomba halifiki kila zizi wala kila shamba, na mchanga wa mito utaendelea kunywesha watu na mifugo kwa miaka mingi ijayo. Tukijifunza kupima lita 200 za tangi la shule, tutakuwa na vijana wanaoweza kupima mto mzima, na halmashauri isiyokuwa na kisingizio cha kutojua.

Nimeleta siki, mchanga wa aina mbili na refraktometa moja hapa mezani. Walimu wa sayansi waanze, kisha wenye maswali tuendelee.